Kikohozi cha Karani

Kwetu mke hataji majina ya wakwe zake. Nimezeeka, wote nilioolewa kwao wameshazikwa, na bado nikitaka kuandika jina la yule mzee mkono unagoma. Basi na akose jina. Mtaa mzima ulimwita Karani, naye akaitika, ingawa hakuwahi kuwa karani hata siku moja. Alikuwa tarishi. Enzi za Mzungu alibeba bahasha kutoka ofisi ya D.C. mpaka posta na kurudi, na kazi ilipokwisha akaachiwa koti la kaki lenye vifungo vya shaba. Koti hilo ndilo lililomsomesha. Alilivaa katika jua la Isiolo ambalo hata mijusi hulikimbia, akatoka jasho kwa heshima zote, na watu wakampisha njia.

Alikuwa baba mdogo wa mume wangu, nasi tulikaa naye boma moja upande wa Chechelesi. Nilimpikia, nilimfulia lile koti, nilijifunika kichwa nilipopita mbele yake. Hayo yote niliyafanya bila kulalamika. Kumheshimu moyoni ni jambo jingine, na sikumbuki kama lilitajwa siku ya mahari.

Vilikuwa vita vya shifta, wale waasi wa kaskazini waliotaka kujitenga na Kenya. Sisi Waborana wakati ule tunauita Daba, yaani simama, kwa sababu ndilo neno tulilolisikia kuliko salamu. Simama hapo. Toa kipande. Rudi ulikotoka. Mtaa wetu ulizungushiwa seng'enge, ukaachiwa geti moja, na getini wakawekwa askari waliotoka sehemu ambazo mtu huenda kaburini bila kuona ngamia. Ng'ombe waliokutwa nje ya waya walihesabiwa kuwa ng'ombe wa shifta, kana kwamba ng'ombe huchagua chama. Wengine walipigwa risasi, wengine walipelekwa tusikokujua. Wanaume wetu, ambao kazi yao yote ya maisha ilikuwa ng'ombe, wakabaki kukaa kivulini wakitafuna miraa iliyonyauka na kutuambia sisi wanawake namna ya kuchota maji.

Binti yangu alikuwa ameanza darasa la kwanza. Shule ilikuwa ng'ambo ya mji, na geti lilipofungwa, shule nayo ikafungwa kwa watoto wa upande wetu. Nilimpeleka mara kadhaa, tukarudishwa.

"Mama, hii watoto ndio inapelekea shifta maziwa," askari aliniambia. "Tunawajua."

Nilimtazama mwanangu, asiyeweza kubeba kibuyu kutoka mlangoni hadi jikoni bila kumwaga nusu yake. Kama shifta walimtegemea huyu, vita vingekwisha kwa kiu wiki ile ile.

Habari za shule zilitufikia kupitia kwa mwanamke wa Kimeru aliyetuletea sukuma na viazi getini. Alikuwa na mtoto darasa lile lile, na alikuwa mtu mwema, akanipa habari mbaya polepole. Mwalimu mkuu amesema watoto wote wa ndani ya waya watapimwa siku geti litakapofunguliwa. Anayejua kusoma anaingia darasa la pili. Asiyejua anatoa nafasi, maana watoto wa askari na wa maofisa wapya ni wengi na madawati ni machache.

Nilimwambia mume wangu. Alikuwa amelala chali, kofia usoni.

"Akikosa kiti, barabara ikifunguka anaenda Sericho," alisema chini ya kofia. "Dada yangu ako na mbuzi na hana mtu."

Dada yake nilimjua. Alikuwa na mbuzi, na pia alikuwa na tabia ya kuoza wasichana mapema ili apate ngamia, wawe ni wasichana wake au wa kuazima. Mtoto akishafika Sericho, safari ya siku nyingi, mambo yake yanaamuliwa huko na wewe unaletewa habari pamoja na nyama kavu. Tangu siku ile sikuwa na ombi lingine kwa Mungu: mtoto huyu akae kwenye dawati lile. Mimi nilikuwa nasimama getini na karatasi yangu ya ruhusa bila kujua kama inasema mimi ni mtu au gunia, na sikutaka na yeye asimame hivyo.

Karani akajitolea kufundisha.

Hakuombwa. Aliamka asubuhi, akafunga vifungo vyote vya koti, akatangaza mtaani kwamba watoto wa shule waje kwenye kivuli cha ukuta wetu, kwa kuwa yeye amekaa na Wazungu na anajua wanavyosomesha. Watoto wakaja. Kitabu kilikuwa kimoja, cha mwanangu, alichorudi nacho siku ya mwisho ya shule. Nilikuwa nimekifungia katika kitambaa kama dawa.

Nakikumbuka kitabu kile neno kwa neno, na nitaeleza kwa nini. Kilianza hivi: Huyu ni Baba. Baba ana jembe. Huyu ni Mama. Mama anafagia. Kuku yuko wapi? Kuku yuko chini ya meza. Kikaendelea hivyo hadi mwisho, jembe na meza, meza na jembe. Katika kitabu kizima hapakuwa na ng'ombe hata mmoja. Mtaani kwetu hapakuwa na meza, jembe tulikuwa tukiliona kwa mafundi wa barabara, na kuku hatukuwala. Aliyekitunga sijui alidhani dunia nzima ni shamba lake.

Karani alikaa juu ya debe, kitabu mapajani, fimbo mkononi. Akaweka kidole kwenye ukurasa.

"Anza!"

Mwanangu alikuwa na sikio linaloshika kama kupe. Akaanza, kwa sauti ile ile waliyozoea kuimba darasani: Huyu ni Baba. Watoto wakaitikia: Huyu ni Baba. Karani akatikisa kichwa kwa kuridhika, kidole kikitembea. Ukurasa ulipokwisha alikohoa, kikohozi kimoja kikubwa cha tumbaku, akalamba kidole, akafunua. Ikawa desturi. Baada ya siku chache watoto nao wakawa wanakohoa. Ukisikia kundi zima linasema kuku yuko chini ya meza, halafu linakohoa pamoja kama ng'ombe wenye homa ya mapafu, ujue ukurasa umefunuliwa.

Mimi nilifurahi. Sitajifanya nilikuwa mwerevu tangu mwanzo. Nilikuwa nikisonga ugali nasikia sauti ya mwanangu ikitangulia wengine, na nikasema moyoni, mzee huyu ni debe tupu lakini labda leo debe limetiwa kitu.

Ni lazima nieleze kidogo namna tunavyosoma chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, la sivyo hamtaelewa walichofanya. Mtoto wa chuo hupewa ubao, loho, na mwalimu humwandikia aya kwa wino wa masizi. Mtoto husoma, husoma, husoma, mpaka aya iingie kifuani. Ikishaingia, loho huoshwa. Maji yake hayamwagwi njiani watu wakayakanyaga, humwagwa mahali safi, na ubao ukikauka huandikwa aya nyingine. Maana yake ni kwamba maandishi ni ngazi tu. Ukishapanda, ngazi haina kazi. Kwa Kurani jambo hili ni zuri na lina baraka zake, wala sina neno juu yake. Lakini wazee wetu walikuwa na njia moja tu ya kusoma, na wakaitumia kwa kuku na meza.

Siku moja mbuzi wa Karani, beberu mwenye pembe moja, aliingia kivulini watu wakinywa chai akatafuna kitabu. Niliwahi kumnyang'anya, lakini alikuwa amekula ukurasa wa kuku, wote, na picha yake. Nilipiga kelele. Karani hata hakuinuka.

"Wacha kelele, mama. Hiyo ukurasa watoto wameshahifadhi. Haina kazi tena."

Wazee waliokuwa naye wakacheka. Mmoja akasema ni kama loho imeoshwa, tofauti ni kwamba maji yake yako tumboni mwa mbuzi. Wakacheka zaidi. Kisha Karani, ili kunionyesha, akamwita mwanangu, akampa kitabu, akamwambia asome mpaka mwisho.

Mwanangu akasoma. Alifika pale palipoliwa, ambapo sasa picha ya Mama na ufagio ilifuatwa moja kwa moja na picha ya Mama akitundika nguo, na hakusita hata kidogo. Kidole chake kilipita juu ya nguo za Mama, mdomo wake ukasema: Kuku yuko wapi? Kuku yuko chini ya meza. Akakohoa. Akafunua.

"Mashallah!" wazee wakasema. "Mashallah! Huyu anasoma hata ile haiko!"

Mume wangu alitoa kofia usoni kwa mara ya kwanza mwezi ule. Mimi nilisimama na birika mkononi. Sikujua kusoma, lakini sikuwa kipofu. Mwanangu alikuwa amesoma kitu kilichokuwa tumboni mwa mbuzi.

Asubuhi yake nilimwita jikoni. Nilikuwa na karatasi ya pakiti ya chumvi, chumvi yenyewe nimeshaimimina kwenye kopo. Nikamwonyesha maandishi makubwa yaliyo mbele.

"Hapa pameandikwa nini?"

Alitazama. Akavuta pumzi, akasimama wima kama alivyofundishwa.

"Huyu ni Baba," alisema.

"Tazama vizuri."

"Baba ana jembe?"

Nilitaka kulia, na kwa kuwa kulia sikujui vizuri, nilikasirika. Sikumkasirikia yeye. Nilimtuma kwa Karani, na kikombe cha chai mkono mmoja na ile karatasi mkono wa pili, akaniulizie kwa heshima pameandikwa nini. Nilijibanza nyuma ya pazia la gunia kutazama. Karani aliishika karatasi, akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu, akaigeuza upande wa nyuma ambao haukuwa na kitu, akaukagua huo kwa muda mrefu zaidi.

"Mwambie mama yako hii ni maneno ya serikali," alisema hatimaye. "Si ya wanawake."

Pakiti ya chumvi! Nilirudi jikoni nikakaa chini nikacheka mpaka mbavu zikaniuma, halafu kicheko kikakatika. Asubuhi zote zile, kidole kile kilichotembea ukurasani kilikuwa kikitembea tu, kama mtu anayepunga nzi. Kipofu alikuwa akiongoza vipofu, na kipofu alikuwa na vifungo vya shaba.

Nilimwambia mume wangu.

"Anajua kitabu yote kwa kichwa," alisema. "Unataka nini ingine?"

"Nataka ajue kusoma."

"Sasa hiyo ni nini?"

Ilikuwa kama kumweleza mtu wa milimani kiu. Niliacha.

Basi tukaanza wenyewe, jikoni, mchana, wazee wakiwa wamelala. Nilimwaga majivu juu ya sinia na kuyasawazisha kwa kiganja. Nilijua mambo mawili tu: kwamba karatasi hii ilikuwa ya chumvi, kwa kuwa dukani niliomba chumvi nikapewa hii, na kwamba karatasi ile nyingine ilikuwa ya chai. Nikaziweka sambamba. Zilianza na alama zile zile mbili. Mtu aliyelelewa kwenye ng'ombe haoni ajabu hapo. Tangu utotoni nilijua alama za moto za koo zetu, na nikiona alama moja kwenye mapaja ya ng'ombe wawili najua wametoka boma moja.

"Chumvi. Chai," nikasema. "Midomo inaanzaje?"

"Ch," akasema.

"Basi hii ndiyo ch."

Akaichora kwenye majivu. Kisha macho yakamtoka, akaniita mama kwa Kiborana.

"Ayo! Mwalimu alituambia kila herufi iko na mama na mtoto, kubwa na ndogo! Hii ni ya mama. Kwa kitabu ni ya mtoto!"

Alikuwa nayo, kumbe. Shule ilikuwa imempa vipande vyote, ba be bi bo bu, mama na mtoto, kisha Karani akaja akavifunika kwa kelele. Tulivifukua kimoja kimoja. Sabuni ilitupa sa na bu na ni. Kiberiti kilitutesa. Gunia la sukari lilikuwa na maneno ya Kizungu upande mmoja, tukapoteza mchana mzima kuyalazimisha yaseme sukari, nikamgombeza, akanigombeza, tukanuniana mpaka maziwa yakachemka yakamwagika. Nilikuwa mwalimu mbaya, sina subira hata leo. Lakini siku alipofungua kitabu, akaweka kidole kwenye picha ya Mama na nguo, akasema, "Ma-ma a-na-ni... ana-ni-ka... Mama anaanika! Si anafagia, Ayo! Hapa anaanika!" nilimshika kichwa nikambusu mpaka akalalamika namvuta nywele.

Nami nilikuwa nimelisoma neno hilo, anaanika. Nililiona mwenyewe, kabla hajalitamka.

Alisoma polepole sana. Alikuwa kama mtu anayevuka mto akijaribu kila jiwe. Na asubuhi, kivulini, aliendelea kuimba na kukohoa na wengine, kwa sababu ningemtoa kule ningemwaibisha mzee wa watu, na mke anayemwaibisha baba mkwe hana pa kulala.

Geti likafunguliwa, kwa saa za mchana tu, kwa wenye ruhusa. Mwalimu mkuu akaita watoto. Waume wetu hawakutoka. Mwanamume aliyeonekana barabarani alivuliwa mpaka kofia, basi wakatutuma sisi. Karani alikuja. Koti lilimpa uhakika kwamba hakuna risasi ya kulitoboa, na nakiri kwamba alipita getini kifua mbele, akampigia askari saluti, askari akaijibu kwa makosa.

Mwalimu mkuu alikuwa ametoka huko kwenye baridi na migomba. Alikuwa na soksi ndefu nyeupe, na kila baada ya muda aliinama akazikung'uta vumbi, kana kwamba vumbi la Isiolo lilikuja kazini kwa ajili yake. Alitupanga barazani. Hakutuuliza habari, wala hakujibu salaam aleikum ya Karani. Kwake, ukitoka ndani ya waya wewe ni jamaa ya shifta, tofauti ni ukaribu tu.

Akamwita mtoto wa kwanza, akampa kitabu kilicho safi, kisichoonja mbuzi.

"Soma."

Mtoto akatazama dari akasema, "HuyuniBabaBabaanajembe," yote kwa pumzi moja, akakohoa, akafunua kurasa mbili pamoja, akaendelea. Mwalimu mkuu alikuwa akikung'uta soksi.

"Vizuri. Darasa la pili."

Akaja wa pili, akaja wa tatu. Walikimbia kwenye kitabu kile kama mbuzi waliofunguliwa zizi. Mmoja alikishika juu chini. Darasa la pili, darasa la pili. Karani alisimama kwenye nguzo, midomo yake ikitembea pamoja nao, na kila walipokohoa alivimba kidogo ndani ya koti. Mimi nilikuwa nimetulia. Nilijiambia, hawa wanaoimba wamepita. Wangu anayesoma kweli atapita zaidi. Ujinga wangu wa siku ile bado unanichekesha.

Mwanangu akachukua kitabu. Akaweka kidole.

"Hu-yu... ni... Ba-ba," akasema. "Ba-ba... a-na... je... jem-be."

Mwalimu mkuu akainua kichwa kutoka kwenye soksi.

"Haraka."

"Hu-yu... ni... Ma-ma."

"Hii imesahau yote," akasema, kama mtu anayekataa nyanya mbovu sokoni. "Umekaa nyumbani bure. Wekeni yeye kando."

Kando palikuwa ukutani, ambako tayari alisimama mtoto mmoja aliyelia badala ya kuimba. Kando palikuwa Sericho. Nilimwona shangazi mtu, niliwaona mbuzi wake, niliona mizigo ikifungwa juu ya lori. Wote waliokuwa wakiimba walikuwa wamekaa na kukenua meno, na mtoto pekee aliyesoma neno moja asubuhi ile alikuwa akisukumwa kando kwa kulisoma. Karani alinitazama na kutikisa kichwa kwa huruma. Huruma! Nilihisi nikitaka kumng'oa vifungo vile kimoja kimoja kwa meno.

Mwanangu hakulia. Alinitazama mimi, kidole bado kiko kwenye jembe, akingoja nimwambie afanye nini.

Ningeweza kumwambia mwalimu yule maneno mengi. Nilikuwa nayo, na bado ninayo. Lakini kiti kilikuwa chake yeye kukitoa, na mimi nilikuwa mwanamke aliyejifunika kichwa kutoka ndani ya waya. Nikasema kwa Kiborana, ili mwalimu asielewe:

"Funga macho. Sema kama ya babu."

Alifumba macho. Akafunga na kitabu vilevile. Akainua kidevu, na ikatoka sauti ya Karani, ile ile ya kivulini, Huyu ni Baba, Baba ana jembe, Mama anafagia, kuku wapi, kuku meza, bila nukta, bila pumzi. Na kila ukurasa ulipokwisha alikohoa, kikohozi kinene cha mzee wa tumbaku, kikitoka kwenye kifua cha mtoto wa miaka saba.

"Haya!" mwalimu mkuu akasema. "Si umeona? Ulikuwa tu unaogopa. Darasa la pili."

Tuliporudi Karani alichinja. Alimchinja yule beberu wa pembe moja, kwa heshima ya elimu, na akala na wazee mpaka mafuta yakafika kwenye vifungo. Alisimama akahutubia. Alisema yeye alijua tangu mwanzo kwamba mtoto angepita, ila aliingiwa na woga kidogo kwa sababu mama yake humsumbua kwa maneno mengi jikoni. Mume wangu akaitikia. Niliwaletea maji ya kunawa.

Mwanangu alikuwa amekaa mlangoni kwangu, nyama yake mkononi haijaguswa.

"Ayo," akaniuliza, "nilipokuwa nasoma alisema sijui. Nilipofunga kitabu akasema najua. Kwa nini?"

Jibu nililokuwa nalo lilikuwa la matusi, na wakwe zangu walikuwa karibu. Nikamwambia, "Kule sema. Hapa soma."

"Mpaka lini?"

"Mpaka wewe uwe ndiye unashika kitabu."

Tukaendelea hivyo. Sinia lile lilitoboka kabla hajamaliza shule, na mimi nilipata kusoma kwangu pale, kwa kumfuata nyuma, na kuandika nilikupata baadaye zaidi. Shangazi wa Sericho alipata mtoto mwingine wa kuazima. Karani alifariki vita vikiwa vimekwisha, akazikwa, na koti likachukuliwa na mtu mwingine ambaye papo hapo akaanza kutoa ushauri.

Mwanangu akawa mwalimu. Walipomleta kufundisha karibu na mji nilikwenda kumwona, bila kumpasha habari, na maziwa ya ngamia kwenye kibuyu. Nilipita nyuma ya madarasa nikitafuta lake. Nikalijua kwa sauti kabla sijafika dirishani. Walikuwa wakiimba. Kitabu kilikuwa kipya, maneno mengine, nadhani siku hizo walikuwa wamekubali kuweka ng'ombe, lakini wimbo ulikuwa ule ule, kasi ile ile. Nikachungulia. Watoto walikuwa wakitazama dari. Mwanangu alisimama mbele, kitabu mkononi, kidole kikitembea. Ukurasa ukaisha. Akakohoa, kidogo tu, sidhani hata alijisikia, na darasa zima likakohoa pamoja naye.

Aliniona dirishani. Akaja mlangoni, akanipokea kibuyu, lakini macho hakuyainua.

"Mkaguzi anakuja Jumatatu, Ayo," alisema. "Wao wanataka wasikie tu."

Nilimwacha hapo mlangoni, nikaenda jikoni kwa mpishi wa shule, nikamsalimu, nikamwomba sinia na majivu.